Kabla ya Mufasa, Kabla ya Nyumbu

James Earl Jones alifariki tarehe 9 Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Sauti yake ilikuwa ya baba wawili ambao karibu dunia nzima inawajua: Darth Vader wa Star Wars na Mufasa wa The Lion King. Mmoja alimkata mwanawe mkono, mwingine alikufa akimwokoa mwanawe. Tuliwapenda wote wawili bila kujua walikotoka. Kisha, kila mmoja kwa wakati wake, studio ziliamua kutusimulia.

Mashabiki wa Star Wars ndio waliotangulia kuonja. Filamu ya kwanza ilitoka 1977. Mwaka 1999 George Lucas alirudi nyuma na The Phantom Menace, akamwonesha Vader akiwa mtoto wa miaka tisa. Marekani watu walipiga kambi nje ya majumba ya sinema wakisubiri tiketi, na wengi wao walitoka wamenuna. Ile nguvu ya ajabu waliyoizoea kama fumbo ilikuwa sasa inapimwa kwenye damu kama malaria. Ahmed Best, aliyeigiza Jar Jar Binks, alizomewa kiasi kwamba mwaka 2018 alieleza hadharani kuwa aliwahi kufikiria kujiua. Lakini watoto waliozikuta filamu zile wakiwa wadogo walikua nazo, na leo wao ndio wanaozitetea kwa nguvu zote.

Zamu yetu ilifika Desemba 2024, ilipotoka Mufasa: The Lion King ya Barry Jenkins. Nasema "yetu" kwa makusudi. Huku Mugango, ufukweni mwa Ziwa Victoria, hadithi za vyombo vya angani ziliingia kwenye kibanda cha video na kutoka bila kuacha alama kubwa. Watu walitaka Rambo na filamu za Wachina zenye mtafsiri wa kupaza sauti. Simba alikuwa jambo jingine. Katuni ya 1994 ilikuwa na majina tunayoyaelewa, na nyika yake inafanana na ile unayoiona ukipita kwa basi kati ya Bunda na Lamadi, karibu na geti la Ndabaka. Hatukuhitaji mtafsiri kutuambia Rafiki ni nani.

Filamu mpya niliipata kwenye flashi, kama wengi wetu, na niliitazama na binamu zangu wawili. Mmoja ni mwalimu, mwingine ni mvuvi wa dagaa ambaye usiku usio na mbalamwezi hayuko nyumbani. Tulibishana kwa siku kadhaa. Mabishano yetu yalifanana na ya mashabiki wa kwingineko, ila kwa mambo mawili.

La kwanza ni majina. Filamu inatuambia kwamba Scar, yule mjomba mwovu, aliitwa Taka alipokuwa kijana. Jenkins hakulibuni jina hilo. Lilikuwamo tayari kwenye kitabu cha watoto cha mwaka 1994. Mtazamaji wa Chicago anasikia sauti ngeni yenye ladha ya Afrika. Sisi tunamsikia malkia Eshe akimwita mwanawe kipenzi "Taka", na akili inakwenda jalalani. Mzazi gani anamwita mrithi wake uchafu? Ndivyo ilivyokuwa kwa Shenzi, yule fisi, ambaye jina lake ni tusi, na kwa Pumbaa, ambaye jina lake ni kitenzi cha mtu aliyepoteza akili. Binamu yangu mvuvi alisema Taka alikuwa na haki ya kugeuka adui. Tulicheka, lakini alikuwa amegusa kitu: lugha yetu ilichukuliwa kama rangi ya kupakia ukuta. Disney iliwahi hata kusajili "Hakuna Matata" kama alama yake ya biashara Marekani, na mwaka 2018 Mzimbabwe Shelton Mpala alianzisha ombi la kupinga lililokusanya saini zaidi ya 100,000.

La pili ni damu. Kwenye kumbukumbu za mashabiki wengi, Mufasa na Scar ni ndugu wa baba mmoja, na Mufasa ni mfalme kwa sababu alizaliwa mfalme. Filamu mpya inavunja hilo. Mufasa ni mtoto aliyesombwa na mafuriko, asiye na ukoo, aliyeokolewa na Taka na kulelewa na Eshe huku baba mwenye nyumba akimwita mzururaji. Anakuwa mfalme mwishoni kwa sababu wanyama wanamkubali. Wapo mashabiki walioona huu ni usaliti: kama hakuwa na damu ya kifalme, basi lile fundisho zito la mwaka 1994, la mwana kurithi nafasi ya baba, lilijengwa juu ya nini?

Mwalimu aliliona hili kwa macho ya Mara. Butiama si mbali na hapa. Kambarage Nyerere alizaliwa pale mwaka 1922, mtoto wa Nyerere Burito, chifu wa Wazanaki. Alikuwa na damu ambayo mashabiki wanaidai. Hata hivyo, aliingia Ikulu kwa kura, na mwaka 1963 serikali yake iliondoa mamlaka ya machifu Tanganyika nzima. Kwa mwalimu, Mufasa asiye na ukoo alikuwa na mantiki kuliko yule wa zamani. Mvuvi hakukubali. Kwake hadithi ya simba ni ya simba, na ukimnyang'anya Simba babu zake umemwachia nini cha kurithi?

Mimi nilikuwa na shida nyingine, na imechukua muda kuielewa. Katika filamu, simba wanakimbilia nchi iitwayo Milele: kijani, yenye maji, yenye wanyama wa kila aina. Ni nchi ya ahadi. Wanaoipigania ni wanyama tu, na binadamu hayumo hata kama nyayo.

Picha hiyo ni ya zamani kuliko Disney. Mwaka 1959 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliokuwa wakihesabu wanyama kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia, walitoa filamu juu ya Serengeti iliyoshinda tuzo ya Oscar na kuifundisha Ulaya kwamba nyika hii ni ya wanyama pekee. Hifadhi ilikuwa imetangazwa mwaka 1951. Mwaka huohuo wa 1959 mipaka ilichorwa upya, na Wamasai waliokuwa ndani wakahamishiwa upande wa Ngorongoro. Upande wetu wa magharibi, Waikoma, Wanata na Waishenyi walijikuta na mahame ya mababu zao ndani ya hifadhi. Mwanahistoria Jan Bender Shetler alikusanya masimulizi ya wazee wa Mara, na kitabu chake cha mwaka 2007, Imagining Serengeti, kinaonesha jinsi walivyoikumbuka nchi ile kwa vilima, visima na makazi yenye majina.

Kuna sababu ya nchi kuonekana tupu. Miaka ya 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki na kuua ng'ombe kwa wingi usioelezeka, pamoja na nyati na nyumbu. Njaa na ndui vilifuata. Watu walipokufa na kuhama, hakukuwa tena na wa kuchoma na kufyeka vichaka, wala mifugo ya kulisha majani. Vichaka vikatanda, mbung'o wakatanda navyo. Wageni waliofika baadaye waliona pori wakadhani limekuwa hivyo tangu kuumbwa.

Kisha kuna nyumbu. Kila aliyeitazama The Lion King anakumbuka lile korongo na ule mkanyagano uliomuua Mufasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kuwa takriban 250,000 tu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamepita milioni moja. Kilichobadilika zaidi ni kwamba ng'ombe wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi walichanjwa dhidi ya sotoka, ugonjwa ukakosa pa kujificha, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na sotoka. Lile wimbi la nyumbu ambalo watalii wanalilipia, na ambalo wachoraji wa Disney waliligeuza kuwa silaha ya Scar, lilijengwa kwa sehemu kubwa na sindano zilizochomwa kwenye ng'ombe wa wafugaji.

Nilipomweleza mvuvi habari hii alinyamaza, kisha akataka kurudia katuni ya 1994. Tulirudia. Tulipofika kwenye korongo alisema sasa anawaona wachunga ng'ombe nyuma ya vumbi, ingawa hawajachorwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na mashabiki wanaosema hadithi za chimbuko zinaua fumbo. Fumbo la Vader liliuawa na maelezo madogo kuliko kitu chenyewe. Chimbuko kubwa kuliko hadithi huiongezea uzito, na Serengeti inalo. Mufasa ilipata zaidi ya dola milioni 700 duniani kote, kwa hiyo sidhani kama safari ya kurudi nyuma imeishia hapa. Mwalimu ameanza tayari, bila studio: amewapa wanafunzi wake kazi ya kwenda kwa bibi na babu kuuliza ukoo wao ulipita vilima gani kabla ya kufika ziwani. Majibu ya kwanza yamekuja na majina ya vilima ambavyo leo mtu wa hapa akitaka kuvikanyaga analipa kiingilio getini.