Habari za Bomba Lililozibwa na Mizizi

Wako wasomaji watakaocheka wakiona ya kuwa mwalimu ameketi mezani kuandika habari za maji machafu. Na wacheke. Lakini mtu aliyepata kukaa katika nyumba ya mjini yenye choo cha maji, akaamka asubuhi akakuta maji yamerudi juu na kutambaa sakafuni, huyo hatacheka. Atataka kujua jinsi watu walivyopata kuzibua bomba lililofukiwa ardhini pasipo kuuchimbua ua mzima.

Watu wa kale hawakuwa na shida hii sawasawa na yetu. Katika mji wa Mohenjo-daro, bondeni mwa mto Indus, yapata miaka 4,500 iliyopita, nyumba nyingi zilikuwa na mahali pa kuogea, na maji yake yakatoka nje kwa mifereji ya matofali ya kuchomwa, iliyopita kando ya njia. Mifereji hiyo ilifunikwa kwa matofali au mawe yawezayo kuinuliwa. Ulipoziba, mtu aliweza kuufunua, akazoa taka, akafunika tena. Kazi ya uchafu, lakini si ya kushangaza.

Shida ilizaliwa pale watu walipoyaficha maji machafu ndani ya mabomba membamba. Huko Uingereza, katika miaka ya 1840, kipindupindu kilipokuwa kikitisha miji, Edwin Chadwick alipigania sana ya kwamba taka za nyumba zichukuliwe kwa mabomba ya udongo wa kuchomwa, laini na yenye kung'aa kama sahani, ili maji yapite kwa nguvu na kuzisukuma. Mwaka 1846 Henry Doulton akaanzisha kiwanda cha mabomba hayo huko Lambeth, London. Mainjinia waliozoea mifereji mipana ya matofali walibisha, wakasema mabomba membamba yataziba. Mimi naona pande zote mbili zilisema kweli: mabomba yalizisafisha nyumba, nayo yakaziba.

Tena adui mkubwa hakuwa taka peke yake. Bomba la udongo lilifanywa vipande vifupi, kimoja kikiingia katika mdomo wa kingine, na maungo yakazibwa kwa saruji. Ardhi ikitikisika au kuzama kidogo, saruji hupasuka, na unyevu hutoka nje. Mti ulio karibu huufuata unyevu huo, hasa mti upendao maji kama mwerebi. Unyuzi wa mzizi, mwembamba kama unywele, huingia katika ufa. Na ukiisha kuonja maji yale yenye rutuba, hunenepa na kuchipuza nyuzi nyingine elfu, mpaka ndani ya bomba pawe kama pamewekwa kifagio. Mafuta ya jikoni na karatasi hunaswa hapo. Basi mwenye nyumba huona maji yanakwenda polepole, kisha hayaendi kabisa.

Mafundi walikuwa na fito za kuunganisha, na kanda nyembamba za chuma za kusukuma kwa mkono. Vyombo hivi vyafaa kwa donge la taka. Kwa mizizi havifai sana, kwa maana hupenya katikati yake bila kuikata, na kesho tundu limejifunga. Dawa iliyobaki ilikuwa jembe: kuchimba ua, kuvunja njia ya saruji, kung'oa bomba, kulaza jipya. Gharama yake ilimwangukia mwenye nyumba, na katika Marekani baada ya mwaka 1929, kazi zilipokwisha na mabenki kufungwa, wengi hawakuwa nayo.

Katika siku hizo alikuwako mtu mmoja katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, jina lake Samuel Blanc. Bomba la makao ya mwanawe lilikuwa limeziba, naye alitaabika nalo sana. Baada ya taabu hiyo akaanza kujitengenezea chombo chake mwenyewe. Alitwaa mota ya mashini ya kufulia nguo ya Maytag. Wala hakwenda kuitafuta mbali, maana kiwanda cha Maytag siku hizo kilikuwa Newton, mji ulio jirani. Alitwaa na magurudumu ya viatu vile ambavyo watoto huvaa ili kutelezea barabarani. Akaongeza waya wa chuma wa kusokotwa, unene wake 3/8 ya inchi, na nchani akatia visu. Mwaka 1933 mashini ilikuwa tayari.

Siri yote imo katika waya ule. Fimbo ngumu haipiti kwenye kona, na kamba laini haina nguvu. Waya wa kusokotwa hupinda pamoja na bomba, na huku wazunguka, ukipeleka nguvu ya mota mpaka mbali ambako mkono haufiki. Na visu vikakata mizizi kama mtu anyoavyo nywele. Aushikaye husikia kwa mikono yake kama kichwa kimekwama. Hapo hana budi kuzima mota mara moja, kwa sababu waya uliozuiwa huendelea kujisokota, na ukifyatuka waweza kuvunja kidole au kuuzinga mkono.

Lettie, mkewe Blanc, ndiye aliyeipa mashini jina la Roto-Rooter. Blanc aliiuza kwa dola 250, fedha nyingi kwa miaka ile, lakini wakawako watu wasio na kazi walioinunua wakapata riziki kwa kuzibua mabomba ya jirani zao. Leo iko mashini ndogo za namna hiyo ambazo mwenye nyumba huweza kuzitumia mwenyewe, nyingine zazungushwa kwa mkono tu.

Hata hivyo, visu hukata mzizi, haviuui mti. Ufa ungali pale pale, na unyevu ungali unatoka. Mabomba ya plastiki ya siku hizi ni marefu, na maungo yake ni machache, kwa hiyo mizizi hupata shida kuingia. Bali mwenye bomba la zamani la udongo na mti wake wa kivuli, baada ya mwaka mmoja au miwili, huurudisha waya ule katika bomba lile lile.