Ukungu Uliosema Kweli

Zamani mchezaji wa baleti alipelekwa studio, akaambiwa atulie, ndipo akapigwa picha. Umbo lilibaki, dansi ikapotea. Kati ya 1935 na 1937 Alexey Brodovitch, mhamiaji kutoka Urusi, aliwapiga picha wachezaji wakiwa jukwaani, mjini New York, kwa kamera ndogo isiyo na taa. Mwanga ulikuwa hafifu. Mikono na sketi zikatoka kama moshi. Fundi wa studio angezitupa. Yeye alichapa 104 katika kitabu, Ballet, mwaka 1945, nakala 500 tu. Baadaye moto uliteketeza filamu zake nyingi. Mimi nikizitazama zilizosalia nauona mwendo wenyewe. Mguu ule haukutulia. Kwa nini picha idai kwamba ulitulia?