Neno na Maana: Mdhamini si wakala wa dhamana
Habari za mahakama za Marekani zikitafsiriwa kwetu, mtu anayelipwa ili mshtakiwa aachiwe huitwa mdhamini. Hapana. Dhamana tumeitoa katika Kiarabu, na kiini chake ni kubeba jukumu la mwenzio. Mdhamini anayekwenda mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ni mjomba, jirani au mwajiri: huja na kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa, hutia saini, na mshtakiwa akitoroka ndiye anayedaiwa. Halipwi ujira.

Yule anayelipwa Marekani, kwa mfano katika jimbo la Florida, ni mfanyabiashara mwenye leseni. Husoma kozi ya saa 120, hufanya mtihani wa jimbo, huchukuliwa alama za vidole, kisha hutoza asilimia 10 ya kiasi cha dhamana, fedha isiyorudi hata mshtakiwa akiachiwa huru. Huyo ni wakala wa dhamana, tumwite hivyo. Asiitwe mfadhili pia, kwani mfadhili hutoa kwa hisani. Wala mdhamini wa Kisutu hajiweki rehani: rehani ni mali, shamba au hati ya nyumba, inayoshikwa na mdai mpaka deni lilipwe.