Wauguzi Wasioandikwa wa Kavirondo Kusini

Historia ya wauguzi wa kujitolea katika Vita vya Kwanza vya Dunia husimuliwa kupitia wanawake wa Ulaya. Kwa Migori na Homa Bay, zilizokuwa sehemu ya Wilaya ya Kavirondo Kusini, simulizi hiyo inaacha nje watu waliostahili kutajwa kwanza: wapagazi wa Kariakoo, yaani kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Uingereza (Carrier Corps). Nyanza, mkoa uliokuwa na wilaya hiyo, ilitoa wapagazi wengi kuliko mkoa mwingine wowote wa Kenya, na pamoja na risasi na chakula, wapagazi walibeba majeruhi kwa machela hadi hospitali za jeshi.

Mtu atapinga kwamba hawakuwa na mafunzo ya uuguzi. Hoja hiyo ina uzito, kwani Uganda ilipounda kikosi chake cha matabibu Waafrika mwaka 1917, ilichukua wanafunzi wa shule za misheni. Lakini tuangalie kilichoua. Wapagazi wengi zaidi walikufa kwa kuhara damu, malaria na nimonia kuliko kwa risasi. Unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa haraka kwa kuni mbichi, uliwakwaruza utumbo watu waliozoea mtama na wimbi. Mgonjwa wa namna hiyo alihitaji uji ulioiva, maji yaliyochemshwa na mtu wa kumsafisha. Kutoa huduma hiyo ni uuguzi kamili.

Pingamizi la pili, kwamba hawakujitolea, ni gumu zaidi. Sheria ya kikoloni ya 1915 iliruhusu kuwachukua watu kwa nguvu, na machifu walitakiwa kutimiza idadi. Kwa hiyo wengi hawakujitolea, na hilo linaongeza deni letu kwao.