Umeme na mvumo wa masikio

Alessandro Volta hakungoja mgonjwa. Betri yake ya kwanza ilipokamilika, alijichomeka kijiti cha chuma katika kila sikio, akaunganisha nyaya. Alishtuka kichwa kizima, kisha akasikia kama kitu kizito kinatokota. Aliyaeleza hayo mwaka 1800 katika barua kwa Royal Society ya London, na jaribio lenyewe hakutaka kulirudia.

Madaktari walikuwa jasiri zaidi, maana masikio hayakuwa yao. Tayari mwaka 1801, Grapengiesser wa Berlin alichapisha kitabu kuhusu kuwatibu wagonjwa kwa umeme, wakiwamo wa masikio.

Mvumo wa masikio ni adui mgumu: mtu husikia mlio mchana na usiku, na aliye kando yake hasikii kitu. Mwaka 1979, watafiti wa Bordeaux, akiwamo Portmann, walionyesha kuwa mkondo chanya wa umeme ukipitishwa karibu na koklea, yaani konokono ya sikio la ndani, unaweza kuuzima mlio huo kwa muda. Tatizo ni kwamba mkondo wa aina hiyo, usiobadili mwelekeo, ukiendelea huunguza tishu kwa kemikali unazozalisha. Dawa ingeliua sikio lenyewe.

Njia nyingine ilifunguka bila kutafutwa. William House wa Los Angeles alikuwa akiwapandikizia viziwi vifaa vya usikivu ili wasikie. Baadhi yao wakamwambia kuwa kifaa kikiwashwa, mvumo nao unapungua. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba ubongo uliokosa sauti hujiongezea usikivu mpaka unasikia kelele zake wenyewe. Ukilishwa sauti, hutulia. Kifaa kikizimwa usiku, kwa wengi mlio hurudi.

Hata hivyo, ilichukua miaka mingi kabla ya mtu kupandikizwa kifaa hicho kwa ajili ya mvumo hasa. Mwaka 2008, Van de Heyning na wenzake wa Antwerp, Ubelgiji, walichapisha habari za wagonjwa 21 waliopandikizwa, wenye sikio moja kiziwi linalovuma mno. Katika kipimo cha 0 hadi 10, ukali wa mvumo ulishuka kutoka wastani wa 8.5 hadi 2.5 baada ya miaka miwili.

Marekani iliruhusu upandikizaji kwa viziwi wa sikio moja mwaka 2019. Lakini mwenye mvumo katika sikio linalosikia vizuri kwa kawaida hapandikizwi, kwani upasuaji unaweza kumnyang'anya usikivu alionao, na wapo waliotoka chumba cha upasuaji na mvumo ambao hawakuingia nao.