Kutohimili Sauti

Madaktari wa masikio wana neno haipakusisi, lenye asili ya Kigiriki: kusikia kupita kiasi. Mfasiri wa Kiswahili hukimbilia "usikivu mkali", na hapo maana inapotea. Msikivu kwetu husifiwa, awe mtoto mtiifu au mwanafunzi makini. Naye mwenye masikio makali hunasa mnong'ono wa chumba cha pili. Mwenye haipakusisi hanasi cha ziada. Akipimwa, sauti ndogo kabisa anayoisikia mara nyingi ni ileile waisikiayo wengine. Tofauti iko juu, pale sauti inapoanza kuumiza: kwa watu wengi ni karibu desibeli 100, kwake pameshuka, hata sahani zikigongana anaumia. Kwa hiyo napendekeza "kutohimili sauti".

Jina huamua tiba. Chukua mfano wa king'ora cha moshi cha nyumbani: kwa kiwango cha Marekani cha UL 217, hutakiwa kutoa walau desibeli 85 umbali wa mita 3 hivi, na vingi hulia kwa karibu hezi 3,000, masafa ambayo sikio la binadamu huyadaka upesi mno. Anayedhani tatizo ni masikio makali atashauri yazibwe kutwa kucha. Utafiti wa Craig Formby na wenzake wa mwaka 2003 unampinga: watu wenye masikio mazima waliovaa vizibo kwa wiki mbili waliona sauti zimekuwa kubwa zaidi, na waliosikilizishwa mvumo hafifu waliona zimepungua. Ubongo ukinyimwa sauti huikuza ile kidogo inayopenya. Vizibo basi ni vya dakika ile ya kujaribu king'ora.

Atatokea wa kusema kwamba "kutohimili" ni kumwita mtu dhaifu. Lawama hiyo ingelistahili "kutostahimili", lenye harufu ya subira na tabia. Kuhimili ni kubeba uzito. Daraja likilemewa na lori hatulikemei kwa kukosa uvumilivu. Pingamizi zito zaidi ni kwamba king'ora kisichoamsha huua. Ni kweli, na hatari yenyewe ni hiyo: aliyechoshwa na king'ora kinachoulilia moshi wa mafuta ya kukaangia hutoa betri, akalala bila ulinzi. Dawa ni kupunguza milio ya bure. Karibu na jiko kifungwe king'ora kinachotambua moshi kwa mwanga, maana hakidanganywi sana na mapishi, chenye kitufe cha kukinyamazisha kwa muda na betri ya miaka 10 ili kisilielie usiku kwa kuishiwa chaji. Taa za kumweka na kitetemeshi cha chini ya mto, vilivyobuniwa kwa ajili ya viziwi, huweza kumwamsha mwenye haipakusisi pia, ingawa wengine nyumbani bado wanauhitaji mlio.

Nawe unayeishi na mtu wa namna hii, mwambie kabla ya kubonyeza kitufe cha kujaribu king'ora, mpe nafasi atoke nje, kisha kijaribu kila mwezi kama kawaida.