Gari kuukuu la umeme: Pima betri kabla ya kubadilishana

KWA mkazi wa Kitengela anayefanya kazi jijini Nairobi, gari la umeme lililozeeka huzua swali moja kila asubuhi: Je, litamfikisha kazini na kumrejesha nyumbani? Siku jibu linapokuwa ‘pengine’, mwenyewe huanza kufikiria kulipeleka kwa muuzaji, aongeze fedha na apewe jingine ambalo pia limetumika, lakini bado lina nguvu.

Mabadilishano ya aina hii ni ya kawaida kwa magari ya petroli. Kwa gari la umeme, hata hivyo, hesabu ni tofauti. Mwaka wa kuundwa na kilomita zilizotembewa havitoshi kueleza thamani yake, kwani sehemu iliyo ghali zaidi ni betri, nayo huchakaa hata gari linapoonekana zuri kwa nje.

Gari la umeme lililozoeleka zaidi miongoni mwa yale yanayoagizwa yakiwa yametumika ni Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa Japani mnamo Desemba 2010. Wakazi wengi wa Nairobi walilifahamu kupitia teksi za NopeaRide, zilizoanza kuhudumu 2018 na kusitishwa 2022. Mnamo 2019, Sheria ya Fedha ilipunguza ushuru wa bidhaa unaotozwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10.

Leaf za kwanza zilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, yaani yuniti 24 za umeme. Baadaye zikaja za yuniti 30, kisha 40 kuanzia 2017, na 62 kuanzia 2019.

Hesabu ya safari

Vipimo vya serikali ya Marekani vilionyesha kuwa Leaf ya 2011 yenye yuniti 24 ilisafiri takriban kilomita 117 kwa chaji moja, betri ikiwa mpya. Betri hiyo ikibakia na asilimia 70 ya uwezo wake, umbali huo hushuka hadi takriban kilomita 82.

Kutoka Kitengela hadi katikati mwa Nairobi ni takriban kilomita 30. Kwenda na kurudi ni 60, kwa hivyo dereva husalia na akiba ya kilomita 20 hivi. Akiba hiyo inaweza kupungua zaidi kwa sababu ya mwendo wa kasi au mzigo mzito.

Ilhali anayetaka kwenda mjini Kajiado, umbali wa takriban kilomita 50, hawezi kurudi bila kuchaji. Ataishiwa na umeme katikati ya mbuga, mahali fulani kati ya Isinya na Kitengela.

Leaf ya yuniti 40, ambayo kwa vipimo hivyo hivyo husafiri kilomita 243 ikiwa mpya, hubakia na zaidi ya kilomita 200 hata ikipoteza asilimia 15 ya uwezo wake. Hiyo inatosha kwenda Kajiado na kurudi. Itafika Namanga pia, lakini haitarudi Kitengela kwa chaji hiyo moja.

Kwa hivyo, kabla ya kuzungumzia bei, mnunuzi anapaswa kuandika safari zake za wiki nzima na kuchagua betri kulingana na safari ndefu zaidi asiyoweza kuiepuka.

Mistari 12

Dashibodi ya Leaf huonyesha afya ya betri kwa mistari 12 midogo. Mstari wa kwanza hupotea betri ikishapoteza takriban asilimia 15 ya uwezo wake, na kila unaofuata huashiria hasara ya takriban asilimia sita. Gari lenye mistari tisa, basi, limepoteza zaidi ya robo.

Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoozwa kwa maji, hivyo joto huichakaza upesi. Kuliacha gari juani kutwa likiwa na chaji kamili huongeza uharibifu.

Aidha, mistari hiyo inaweza kurejeshwa kwa hila ili gari kuukuu lionekane jipya. Kinga ni kutumia kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusomwa kwa simu kupitia programu kama LeafSpy, kisha kuliendesha gari kilomita 30 au 40 na kutazama jinsi chaji inavyoshuka. Muuzaji anayekataa majaribio hayo amejibu swali. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Chaji ni jambo jingine la kukagua. Leaf kutoka Japani hutumia plagi ya CHAdeMO kwa chaji ya haraka, ilhali magari mengi ya Ulaya hutumia CCS2. Nyumbani, soketi ya kawaida hutoa takriban yuniti mbili kwa saa. Betri ya 40 iliyokwisha kabisa haitajaa usiku mmoja, lakini yuniti 12 za safari ya Nairobi zitarudi kabla ya alfajiri.

Bei mbili, si moja

Katika mabadilishano, muuzaji hupenda kutaja kiasi cha kuongezwa pekee. Mwenye gari anafaa kudai bei mbili: ya gari analotoa na ya gari anachukua. Bila hivyo hawezi kujua amepunjwa wapi.

Muuzaji naye ana hoja. Kanuni ya KS 1515 ya Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) hairuhusu kuingizwa nchini kwa gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Leaf za miaka ya kwanza haziagizwi tena, na zinazoingia sasa zina betri kubwa, hivyo ile ndogo hushindana nazo kwa shida.

Lakini gari lisilofaa kwa Nairobi bado lafaa kwa mwalimu au mfanyabiashara asiyetoka nje ya Kitengela. Kumtafuta mnunuzi wa aina hiyo kunaweza kuleta fedha nyingi kuliko kulitoa kwa muuzaji.

Njia yoyote itakayochaguliwa, umiliki uhamishwe rasmi kupitia huduma za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) katika eCitizen, na rekodi za gari linalochukuliwa zikaguliwe ili kubaini iwapo lina deni la benki au chama cha akiba. Anayeacha gari kwa muuzaji likiwa bado kwa jina lake ndiye atakayetafutwa likihusika katika ajali au uhalifu.